Nyuzi za Mchikichi na Kibuyu cha Mama

Chang'ombe, Dar es Salaam
9 Septemba 1997

Dada Apolonia,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima, kifua kimepona, na chumba ni kile kile cha uani. Mpe Mama shikamoo zangu mbili, ya asubuhi na ya jioni, maana najua atasema moja haitoshi. Teofili wa treni ameniambia kiungulia bado kinamsumbua, na kila akimaliza kula anapiga funda la maji ya majivu kutoka kwenye kibuyu chake. Mwambie siku hizi kuna vidonge.

Karatasi yako nimeipata. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ni nene kama chapati na imeota nywele, lakini ni karatasi. Nilikwenda nayo kazini, nikailowesha, nikaivuta, na haikukatika upesi. Hapa kiwandani karatasi tunaipika kwa mabaki ya maboksi tu, hakuna aliyewahi kuona nyuzi za mkungu wa mchikichi. Miaka tisa umekamua mawese na kutupa mikungu mitupu nyuma ya nyumba mpaka Kelestini jirani akalalamikia nzi, kumbe ulikuwa unatupa mali.

Kosa lako ni moja. Maji ya majivu unayopikia nyuzi hayana nguvu. Yanaweza kisamvu na mlenda, hayawezi mkungu. Nimempa Teofili mfuko akuletee kwa treni. Ndani kuna vipande vyeupe kama magamba ya samaki. Vikombe viwili kwa debe moja la maji, chemsha mkungu uliokatwakatwa kwa saa tatu, suuza sana, ndipo utwange. Utaona mwenyewe.

Usimwambie mtu mfuko umetoka kwangu. Kuna watu hapa hawapendi kuona mtu anasaidia kwao, na ninaweza kupata matatizo makubwa.

Mdogo wako,
Ildefonce

*

Mlabani, Ifakara
2 Oktoba 1997

Fonsi,

Marahaba, marahaba tena kwa niaba ya Mama. Sisi wazima. Jua ni kali, mto umepungua mpaka pantoni inakwama kwenye mchanga, na juzi niliporudi kutoka Lupiro na mikungu tulishushwa tukasukuma. Mama anasema vidonge vyako umeze wewe. Alipewa maji ya majivu na mama yake, na mama yake alikufa na meno yote.

Sasa sikia. Dawa yako ni moto. Saa tatu ulizosema, mimi kwa saa moja na nusu tu mkungu ulikuwa umelegea kama nyama ya mtori. Nilitwanga kidogo, nikamwaga kwenye fremu ya chandarua, nikakandamiza kwa mawe, nikaanika. Barua hii imeandikwa juu yake, kwa hiyo shika taratibu na uone aibu kwa kuniita mpika chapati. Sista Klementina alipoiona aliomba karatasi mia mbili za vyeti vya kipaimara. Wanahitaji baada ya Pasaka.

Lakini kuna jambo. Sufuria yangu kubwa, ile ya msiba wa marehemu mume wangu Fridolin, ilianza kutoa povu na moshi kabla hata haijachemka. Sasa ina matundu. Vidole vyangu vinateleza kama nimeshika kambare, na ngozi inabambuka. Mtengeneza sabuni wa sokoni alichungulia mfuko, akasema hii anaijua, ni ile ya sabuni. Nikamwambia mdogo wangu ni mtu wa kiwanda, angeniambia. Niambie basi. Ni dawa gani? Inaitwaje?

Dada yako,
Apolonia

*

Chang'ombe
20 Oktoba 1997

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, zamu inaanza. Nafurahi kwa mia mbili za Sista. Pole kwa sufuria, nilisahau kukuambia kwamba haipatani na bati la namna hiyo. Tumia pipa la chuma. Mikononi vaa mifuko ya plastiki, na ukiungua osha kwa maji mengi.

Mtengeneza sabuni asikutishe. Hii siyo ile ya sabuni, ni ya karatasi. Jina lake ni la kizungu refu, halitakusaidia. Usimwage maji yaliyobaki, yana nguvu bado, unaweza kupikia mara ya pili. Mfuko mwingine sidhani kama nitapata.

Na tafadhali, watu wasichungulie.

Mama anasemaje?

Ildefonce

*

Mlabani
30 Novemba 1997

Fonsi,

Salamu zako nilizipata. Watoto wazima, wanakwenda shule. Mvua zimeanza mapema, na watu wa mpunga wanafurahi.

Mama yuko hospitali wiki ya nne sasa. Tarehe nne Novemba alikunywa maji ya dawa yako. Funda moja. Mimi nilikuwa Lupiro. Nilimkuta amekaa mlangoni, ametoa ulimi nje, midomo imekuwa myeupe, kanga ya kifuani imelowa mate na damu. Hakuweza kulia. Tulimbeba kwenye baiskeli ya Kelestini.

Daktari alitaka kujua ni nani aliyempa. Alisema bila fomu ya polisi hawezi kuendelea kuandika, kwa sababu mtu haunguzwi koo hivi na chakula. Polisi akaja na daftari lake. Mama alikuwa hata mate hayamezi, lakini aliinua kichwa, akasema kwa sauti kama ya karatasi ikipasuka: "Nilikunywa mwenyewe. Nilichoka. Wanangu waacheni." Polisi akaandika hivyo. Alimhurumia kwa uzee wake akafunga daftari.

Fonsi, unajua maana yake hapa. Mlabani nzima inajua kwamba Bibi Eveline, mwongoza rozari, alitaka kujiua. Padri alikuja, akamwambia aungame kwanza ndipo apate komunyo. Mama akageukia ukutani. Amekataa kuungama.

Anakunywa maziwa na uji mwepesi. Hata huo unapita kwa shida.

Apolonia

*

Chang'ombe
18 Desemba 1997

Dada,

Nimesoma barua yako mara nne. Mama yangu kujiua? Mama, aliyezika watoto watatu na mume na Jumapili iliyofuata akaenda kuimba? Siamini, na wewe huamini, maana hukuandika kwamba unaamini.

Sasa nijibu. Maji ya dawa aliyapata wapi? Yalikuwa kwenye pipa, au kwenye chombo gani? Nilikuambia pipa. Anapiga funda kutoka kwenye kibuyu chake tu, hanywi mahali pengine. Dawa ilifikaje kwenye kibuyu? Ni nani aliyetia?

Ningekuja, lakini likizo haipatikani. Kuna ukaguzi stoo, na kila mtu anatakiwa awepo.

Ildefonce

*

Chang'ombe
24 Januari 1998

Dada Apolonia,

Shikamoo. Sijui kama barua ya Desemba ilifika. Teofili anasema mvua imekula reli na mabasi hayapiti Kidatu. Krismasi nilikaa chumbani. Nikila kitu natafuna mpaka kinakuwa maji, namkumbuka.

Nijibu kuhusu kibuyu.

Fonsi

*

Mlabani
15 Februari 1998

Fonsi,

Barua zako zote mbili zimefika siku moja, zimelowa. Mvua hii hatujawahi kuiona. Lupiro hakufikiki, michikichi yangu imesimama ndani ya maji, na nyumba tatu za jirani zimeanguka. Yetu ipo. Mama alitoka hospitali Januari. Amekwisha, Fonsi. Ukimnyanyua unahisi umenyanyua nguo.

Unaniuliza kibuyu. Mimi nilikuuliza jina, tangu Oktoba. Nilikuuliza kabla ya lolote kutokea, vidole vyangu vikiwa vimebambuka, na wewe ukaniambia halitanisaidia. Usiniulize swali la pili kabla hujajibu la kwanza. Umesoma, una kalamu mfukoni, lakini tusijifanye kwamba mimi ndiye ninayedaiwa majibu.

Haya nitakuambia, kwa sababu wewe ni mtoto wake pia. Mama hakutaka kufa. Alikula ugali na perege, akapata kiungulia, akapiga funda lake kama siku zote. Usiku wa kwanza hospitali aliniambia kwa kunong'ona, maneno mawili mawili. Barua yako ya Septemba nilimsomea mimi mwenyewe, nikamsomea na pale uliposema utapata matatizo makubwa. Polisi aliposimama pale kitandani, Mama aliona kwamba akisema ni bahati mbaya wataulizia mfuko, na wakiulizia mfuko watafika kwako. Akaamua. Hakuniuliza. Na amenikataza kusema.

Kwa hiyo hawezi kuungama. Akiungama dhambi ya kujiua atakuwa anamdanganya Mungu. Akiungama uongo, Padri atamwambia akausahihishe, na hataki kuusahihisha. Amekaa katikati hapo, miezi mitatu bila komunyo, mtu aliyekuwa anatembea kwenda misa akiwa na homa.

Na watu, Fonsi. Jumuiya inasali kila Jumamosi kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilikuwa wiki iliyopita. Mama aliniamrisha nipange mikeka tangu saa saba. Alikaa na rozari, amefunga kilemba cheupe. Saa kumi tukasikia wanaimba kwa Konsolata, nyumba ya tatu. Wameturuka. Konsolata ndiye mwenyekiti, na Mama ndiye aliyemfundisha katekisimu. Alisali rozari nzima peke yake mdomoni, mimi nikikunja mikeka.

Karatasi za Sista nimesimamisha. Mfuko wako bado una nusu. Nimeufunga ndani ya debe nikauweka juu ya dari.

Apolonia

*

Chang'ombe
22 Machi 1998

Dada Apolonia,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Inaitwa kostiki soda. Ni ile ile ya sabuni. Mtengeneza sabuni wa sokoni alisema kweli, nami nikakufanya umwone mjinga. Ni sumu. Inaunguza nyama kama ilivyotoboa sufuria yako. Nilijua. Ulipoandika kuhusu sufuria nilishtuka, nikataka kukuambia uifungie mbali na watu, kisha nikafikiri ukijua jina utalitaja sokoni, wenye sabuni watakuuliza unaipata wapi, na neno litasafiri. Niliogopa neno lisafiri. Sikuogopa koo la mtu.

Mfuko niliuiba. Nilikuwa naandika kwenye daftari la kupikia kwamba vimetumika vikombe ishirini, natumia kumi na tano. Mwezi mzima. Hakuna mtu hapa anayechukia kusaidia kwao, hiyo niliitunga.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja kabla hajaniita. Nilimwambia yote, na Mama pia. Alinisikiliza, akafunga mlango, akaniambia nisirudi, na kwamba habari ya polisi ataifikiria mwenyewe. Kwa hiyo sina kazi. Usinionee huruma, sijaandika kwa ajili hiyo.

Ndani ya bahasha kuna barua ya pili, haijafungwa. Nimeiandikia Jumuiya. Nimeeleza dawa ilitoka wapi, ni nani aliiiba, ni nani aliyekataa kuitaja jina, na kwamba Mama alisema uongo ili kunificha mimi. Isome mbele yao. Mama akikukataza, soma. Nimemwandikia na daktari karatasi yake, ajue ni soda na ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Swali la kibuyu nalifuta. Sikuulizi tena. Iwapo Mama alichota mwenyewe kutoka pipani gizani, au paka aliangusha, lolote, mzizi ni mimi. Nimeandika hivyo kwenye barua ya Jumuiya: hakuna mwingine mwenye kosa.

Fonsi

*

Mlabani
28 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Pasaka imepita. Maji yameanza kushuka, tunaona tena kingo za majaruba ya mpunga. Watoto wana malaria mmoja mmoja kwa zamu, lakini wanapona. Barua zako Teofili alinikabidhi Ijumaa Kuu.

Sikuweza kuisoma siku hiyo wala wiki ile. Niliibeba ndani ya nguo mpaka ikachakaa. Jumamosi ya tarehe kumi na nane Jumuiya ilikuwa kwa Kelestini. Nilikwenda bila kualikwa, nikasubiri wamalize rozari. Nikasema nina barua ya Fonsi. Konsolata akasema kama ni matangazo nimpe yeye. Nikamwambia hii haisomwi na mtu mwingine.

Nimeisoma yote. Unaandika vizuri, sijawahi kukuambia. Nilipofika pale pa vikombe kumi na tano wanaume walitazamana. Pale uliposema Mama alitoa jina lake ili wewe ubaki na lako, Konsolata aliinamisha kichwa hadi magotini na hakukiinua tena. Kisha nikasoma mstari wako wa mwisho, kwamba hakuna mwingine mwenye kosa. Barua yako iliishia hapo, Fonsi. Mimi nikaendelea kusoma.

Nilikuwa nimeishika vile vile, macho kwenye karatasi, na hakukuwa na kitu kimeandikwa. Nikasoma hivi. Kwamba asubuhi ya tarehe nne Novemba maji ya dawa yalibaki nusu debe, na Fonsi alisema yasimwagwe. Kwamba pipa lilikuwa na mikungu, debe nililitaka kwa maji ya kuoga watoto, na ndoo imepasuka. Kwamba kibuyu cha Mama kilikuwa kitupu kando ya mafiga, na mimi nikaona kazi yake ni kuweka maji ya majivu, na haya nayo yanafanya kazi ile ile ya kulainisha, tena ni ya muda tu, nitayatoa jioni. Nikayatia kwa mkono wangu mpaka shingoni, nikaziba kwa gunzi la mahindi kama anavyoziba yeye. Nikasikia honi ya gari la kwenda pantoni, nikatoka mbio. Sikumwambia. Njiani nilikumbuka. Nilikuwa nimeshafika mtoni nikakumbuka, nikasema, ah, mikungu itaoza, nitarudi mapema. Nikavuka.

Hilo ndilo ulilokuwa unaniuliza tangu Desemba. Nilikuandikia kwa ukali mwezi wa pili ili usiulize tena. Mama anajua. Alijua pale pale mlangoni, alipoona ninavyokitazama kile kibuyu kabla ya kumtazama yeye. Uongo wake kwa polisi haukuwa kwa ajili yako peke yako. Alitufunika wote wawili kwa kanga moja.

Nilimaliza. Kelestini alitoka nje akaleta maji ya kunywa, akanipa mimi kwanza. Jumatatu nilikwenda kituoni bila kuitwa. Nimeandikisha maelezo. Wameniambia nisisafiri, watanijulisha. Mfuko na debe lake wamechukua.

Mama alikasirika. Usifikiri alilia kwa furaha. Jumuiya nzima ilikuja jioni ile ile ya Jumamosi na mikeka yao, Konsolata akipiga magoti mlangoni, na Mama akawapokea vizuri, akawauliza habari za mafuriko. Walipoondoka alinigeuzia mgongo. Siku nane hakusema nami neno. Nampa uji, anakunywa, ananirudishia kikombe huku anatazama pembeni.

Jumapili iliyopita Padri alimletea komunyo nyumbani. Alikuwa ameungama Jumamosi, mlango umefungwa, kwa muda mrefu. Padri alimega kipande kidogo kama punje ya mchele, akakiweka kwenye kijiko cha maji. Mama alifumba macho. Tulikuwa tumepiga magoti chumba kizima na wengine nje, na tulikuwa tunatazama shingo yake. Kilikwama. Alishika kifua, machozi yakamtoka, Padri akaanza kuinuka, yeye akamzuia kwa mkono. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha kikashuka.

Watu walipotawanyika alinishika mkono, akasema nami kwa mara ya kwanza. Alisema: "Nilikuwa na kitu kimoja cha kuwapa, wewe na mwenzako. Mmekirudisha. Sasa mnataka niwape nini?"

Daktari ameandika barua ya kumpeleka huko Dar, kuna mtaalamu anayepanua koo kidogo kidogo. Mimi siruhusiwi kusafiri. Tikiti yako ya kuja kumchukua nimempa Teofili. Ukiwa na jibu la swali la Mama usiliandike, njoo umwambie.

Dada yako,
Apolonia